Injini ya Denis, Masale ya Baba

Mpaka leo mtu akitamka neno kompresheni mbele yangu, tumbo linanichafuka. Mume wangu Denis analijua hilo, na bado analitamka mezani, mdomo umejaa ndizi, kama anataja jina la mtakatifu wake wa ubatizo.

Miaka ile tulikuwa tunakaa Majengo, Moshi mjini, chumba na sebule. Mimi nilikuwa nashona sare za shule barazani, Denis alikuwa karani kwenye ghala la kahawa. Tulikuwa na Volkswageni ya bluu, ile ya mgongo wa kobe, injini iko nyuma, ambayo Denis aliuziwa na mmishonari mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Gari lile halikuwa na rejeta wala halikunywa maji. Injini yake ilipozwa na upepo tu: kuna feni inayozungushwa na mkanda, inapuliza hewa kwenye mapezi ya chuma yaliyozunguka silinda, basi. Lilikuwa la taratibu lakini lilifika. Tulipanda nalo Masama kwa baba yangu miaka na miaka, gia namba mbili, linanung'unika kidogo, na hatukuwahi kulala njiani.

Kilichotuharibia ni pikapu ya kaka yangu.

Kaka yangu Fabian ana duka la saruji na mabati pale Bomang'ombe. Enzi zile za ruksa, biashara ilipofunguliwa na magari ya Kijapani yaliyotumika yalipoanza kuingia, naye akanunua lake, jeupe, maandishi ya Kijapani bado yako mlangoni na hakuna aliyejua yanasema nini. Krismasi ya mwaka ule alitupita mlimani, akafika nyumbani kabla yetu, na tulipoingia uani akamwambia Denis mbele ya ukoo mzima, "Shemeji, ungesema mapema, ningekuja na kamba nikuvute." Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, maana ilichekesha. Denis hakucheka. Alishika kibuyu chake cha mbege, pombe yetu ya ndizi, akakitazama kama kuna mtu amemtilia kitu.

Baada ya sikukuu akaanza kunihubiria. "Mama Violet," anasema, "huko mlimani hewa ni nyepesi. Silinda inavuta hewa pungufu, ndiyo maana gari linakosa nguvu. Dawa yake ni kuongeza kompresheni. Unakwangua silinda hedi, ule mfuniko wa juu wa silinda, kidogo, ile nafasi iliyobaki juu ya pistoni inapungua, hewa na petroli vinabanwa zaidi kabla ya kuwaka, na mlipuko unakuwa mkali." Nikamuuliza, na moto wake je? Maana mimi sijui injini lakini najua pampu ya baiskeli, ukijaza tairi kwa fujo inaunguza kidole. Akasema moto ndiyo nguvu yenyewe, na kwamba mimi nishone.

Kusema haki, hoja yake haikuwa ya kijinga. Alikwenda kwa Wenseslaus, fundi mwenye mashine ya kukerezea vyuma mtaa wa nyuma yetu, hedi zikakwanguliwa kidogo, na gari lilipanda mlima vizuri kuliko zamani. Angekomea hapo, leo ningekuwa namsifu. Lakini Denis hajui kukomea. Fabian bado alikuwa mbele, kwa hiyo hedi zikarudi kwa Wenseslaus zikakwanguliwe tena. Nilikwenda mwenyewe kumwambia Wenseslaus akatae. Alikuwa anakula mhogo wa kuchoma, vidole vyeusi tii vya oili, anamung'unya huku ananitazama. "Mama, mimi nakata ninachoambiwa," akasema. "Mumeo akisema nimkate sikio, nitamuuliza la kulia au la kushoto." Akacheka, chembe za mhogo zikaniangukia kwenye khanga.

Nyumba yetu ikawa gereji. Petroli ilinuka mpaka kwenye mto wa kulalia. Siku moja nimerudi kutoka Misa nikakuta anachemsha pistoni kwenye sufuria yangu ya mtori, ile supu nzito ya ndizi, maji meusi yanafuka, na juu yake yanaelea mafuta ya rangi ya upinde wa mvua. Aliniambia ataisugua kwa majivu. Niliitupa sufuria ile, na kwa wiki kadhaa kila nilipoonja mtori nilionja injini.

Sasa lile gari jipya la zamani lilikuwa linakimbia, siwezi kukataa. Barabara ya lami ya Arusha lilikuwa linaruka. Lakini lilikuwa linachemka hata kwenye tambarare, na likipewa petroli mbaya lilikuwa linagonga, sauti kama kokoto zinazotikiswa ndani ya debe. Na petroli ya siku zile tunaijua wote, wauzaji wengine wa kando ya barabara walikuwa wanaichanganya na mafuta ya taa bila haya. Denis alisema kugonga ni dalili ya afya.

Niseme sasa habari ya baba, maana ndiyo iliyoniumiza.

Baba yangu, mzee Primus, alikuwa na kihamba chake, shamba la ukoo la kahawa na migomba, kule Masama. Kwetu mtoto wa kike hagawiwi kihamba. Lakini kilikuwepo kipande cha upande wa mfereji, mibuni yake aliipanda mama kwa mkono wake, na mama mwenyewe amezikwa pale katikati. Fabian alikitaka. Bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, watu walikuwa wanang'oa mibuni, na yeye alitaka kung'oa ya mama ajenge baa ya bia na nyama choma. Nikamuuliza, na kaburi? Akasema atalizungushia ukuta mfupi, wateja watalitumia kwa heshima. Nilijua maana yake. Makreti ya bia yangepangwa juu ya mama yangu, na walevi wangekojoa kwenye ukuta huo mfupi.

Baba hakutaka. Aliwaomba wazee wa ukoo kipande kile nipewe mimi, na wakakubali shingo upande, mara moja tu, kwa sharti la ukoo wetu: anayegawiwa lazima awe amesimama penye mpaka wakati masale yanapandwa. Asiyefika hagawiwi, na hakuna kuitana tena. Ilipangwa iwe Jumamosi, kabla jua halijapita kichwani, maana mchana wazee walikuwa na mazishi upande wa pili wa korongo.

Isale kwetu ni mti mdogo wa majani marefu, na una kazi mbili. Kazi ya kwanza ni mpaka. Ukipandwa mbele ya wazee, hauhamishwi. Ukiupanda mwenyewe bila wazee ni kijiti tu, hata jirani anaweza kukichomoa. Kazi ya pili ni msamaha. Mtu aliyekukosea akikujia na isale mkononi huna la kusema, unapokea, na ukishapokea umesamehe. Isale la msamaha hupandwa ardhini, na atakayeling'oa, huo ugomvi wote unamhamia yeye na watoto wake. Nimewahi kuona mtu mzima na digrii yake analizunguka isale la namna hiyo kwa mbali kama linauma.

Jumamosi ile nilimwambia Denis twende na basi. Akaniangalia kama nimemtukana mama yake. "Basi la nini, na gari liko mlangoni?" Nikakubali, kwa sababu tulikuwa tumewahi, na kwa sababu nilichoka kubishana. Violet tulimwacha kwa jirani. Tulipofika Kwa Sadala tukakata kulia kuelekea mlimani, jua bado liko chini, na mimi moyo wangu umetulia. Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vya kanisani.

Mwinuko ulipoanza, honi ikalia nyuma yetu. Fabian.

Denis alikuwa kwenye gia namba mbili, ndiyo gia ya mlima ule. Alipoiona pikapu kwenye kioo akatia tatu na kukanyaga mafuta mpaka chini. Nikamwambia, "Baba Violet, rudisha mbili." Maana yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha: feni inafuata mwendo wa injini, injini ikijivuta polepole na mzigo mzito upepo unapungua, na moto unapanda. Hedi zimekwanguliwa mara mbili, petroli ya kutilia shaka, mlima, gia kubwa.

"Nikiweka mbili atanipita," akasema.

"Mpishe apite. Yeye haendi kugawiwa kitu."

Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kidevuni, ulimi ameutoa nje kidogo. Kokoto zikaanza kulia ndani ya debe. Nikamwambia inagonga, akapandisha kioo cha dirisha lake ili asisikie. Naapa alifanya hivyo, alifunga dirisha, na harufu ya oili inayoungua ikabaki humo ndani na sisi. Nilikaa pembeni ya mwanaume niliyefunga naye ndoa mbele ya altare, nikamtazama ule ulimi, nikasikia kinyaa.

Kikalia kitu nyuma, mlio mmoja mzito. Gari likatetemeka, moshi mweupe ukatoka, tukasimama. Injini ilikuwa imenoki. Pistoni imetoboka, tulikuja kuona baadaye, tundu la kupitisha kidole.

Fabian akasimama kando yetu, akashusha kioo. Kiti cha pembeni yake kilikuwa kitupu, kofia yake tu imekaa pale. Nikamwambia, "Kaka, nipandishe."

Akaitazama kofia, akanitazama. "Dada, nina haraka kidogo. Nitawaambia wazee mnakuja." Akaondoka, na vumbi lake likatuingia mdomoni.

Nikamgeukia Denis. Ameshafungua mfuniko wa injini. Alikusanya mate, akayatema juu ya silinda hedi, yakachemka na kuruka, akasema, "Unauona moto huo?" Aliisema kwa sauti ya kusifu. Nilivua viatu, nikavishika mkononi, nikaanza kupanda mlima kwa miguu.

Haikuwa siku ya soko, magari ya kupanda yalikuwa ya kuhesabu, na yaliyopita yalikuwa yamejaa. Nilitembea, nikakimbia, nikatembea tena. Jua likaja likasimama kichwani, likapita, na mimi naliona linapita. Nilipoingia uani kwa baba, miguu inavuja damu, viti vya wazee vilikuwa vitupu. Inzi walikuwa wamejaa kwenye vibuyu vya mbege. Baba alikuwa ameketi kwenye kigoda peke yake, na pembeni yake kitita cha masale mabichi, yamekatwa asubuhi kwa ajili yangu, yanaanza kulegea majani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Nilikusubiri. Wamesema asiyefika hagawiwi."

"Fabian hakuwaambia?"

"Fabian amewaambia kwamba amewaona mmegeuza gari mnarudi mjini." Alikuwa anatazama chini. "Kesho baada ya ibada analeta vijana wa kukata mibuni."

Kutoka nyuma ya nyumba nilisikia maji yanamwagika. Kaka yangu alikuwa anaosha pikapu yake, tena anapiga mluzi. Mtu mzima, amenipita barabarani, amedanganya wazee, amenywa mbege ya kugawiwa kwangu, na sasa anaosha matairi. Sijawahi kuichukia damu yangu kama siku ile.

Mzee mmoja tu alikuwa amebaki. Baba mkubwa Kalisti, kaka yake baba na mkubwa wa ukoo, alikuwa hakwenda mazishini kwa sababu mbege ilikuwa haijaisha. Alikuwa ameegemea ukuta, kata mkononi, ndevu zinadondosha povu. Nikamwamkia, nikamwomba aniwekee mpaka. Akatikisa kichwa. "Ukoo umeshaondoka, mwanangu. Mimi peke yangu si ukoo. Mimi ni mnywaji."

Hapo ndipo Denis alipotokea, amepata lifti ya trekta. Mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, shati limelowa. Akaona viti vitupu, akaelewa. Nitampa haki yake, alielewa upesi. Akaangaza macho uani, akainama kwenye kile kitita, akachomoa isale moja, akapiga magoti kwenye tope la maji ya pikapu mbele yangu na kuninyooshea kwa mikono miwili.

Isale la mpaka wangu. Mtu ameniharibia shamba la mama yangu, halafu ananiomba msamaha kwa masale ya shamba hilohilo, kwa sababu yako karibu na hataki kutembea mpaka kwa jirani kuomba lake. Jani lilikuwa na alama ya kidole chake cha oili. Nilitaka kulitupa kwenye matope. Nilitaka kumtapikia. Lakini baba mkubwa Kalisti alikuwa ameshusha kata yake ananitazama, na macho yake hayakuwa ya mlevi tena.

"Umeletewa isale," akasema.

Kwa hiyo nikalipokea. "Nimekusamehe," nikasema, na maneno yalikuwa na ladha ya ule mtori wa pistoni.

"Nimeshuhudia," akasema Kalisti. "Likapandwe."

Nikasimama na isale mkononi. Nikakitazama kile kitita pale chini. Masale yanafanana, shina kama shina, jani kama jani. Nililipangusa kwa khanga mpaka ile alama ya oili ikatoka, nikainama, nikayazoa yote kwa pamoja, lile la msamaha nikalichanganya katikati ya mengine. Denis alikuwa bado amepiga magoti. Nikamwambia, "Inuka, chukua jembe."

Nikaanzia mfereji. Denis anachimba, mimi napanda, nasindilia udongo kwa kisigino kilichochanika. Tukapita nyuma ya mibuni ya mama, tukalizunguka kaburi, tukateremka mpaka kwenye mgomba wa mwisho. Baba alibaki kwenye kigoda chake, lakini alikigeuza ili atuone.

Mluzi ukakatika. Fabian akaja, tambara la kuoshea gari begani, akauona mstari. Akacheka. "Dada, unacheza kitoto? Hivi ni vijiti." Akainama akakishika cha kwanza.

"Moja ya hayo ni isale la msamaha," nikamwambia. "Nimelipokea leo."

Mkono wake ukabaki palepale. "Lipi?"

Nikapangusa udongo mikononi kwa khanga.

Akamgeukia Denis. "Shemeji, lipi?"

"Sijui," akasema Denis, na ilikuwa kweli. Yeye alikuwa anachimba.

Fabian akapaza sauti mpaka uani. "Baba mkubwa, kweli kuna isale la msamaha hapa?"

"Lipo," akajibu Kalisti. "Nimeshuhudia likipokewa."

"Ni lipi?"

"Mimi nilikuwa naangalia mbege."

Fabian akaufuata mstari. Akayatazama yale masale moja moja, kutoka mferejini mpaka kwenye mgomba wa mwisho, anatafuta alama. Mkono ulikuwa umeshaachia. Ndipo baba akaongea, kwa sauti ya chini ile aliyokuwa akituitia tulipokuwa watoto.

"Ng'oa, Fabian. Ng'oa moja tu."

Fabian alifuta mikono yake kwa lile tambara, akarudi kwenye pikapu, akaondoka. Wale vijana wa kukata mibuni hawakuja, wala hawajaja tena. Baa yake aliijenga barabarani, nasikia inanuka mikojo.

Baba alishafariki, naye tumemlaza pale kando ya mama. Masale yamekuwa marefu kunizidi, na mibuni bado ninaichuma. Volkswageni iko nyuma ya nyumba yetu, kuku wanataga kwenye kiti cha dereva, na Denis bado anasema akipata pistoni nzuri atazikwangua zile hedi kidogo tu, safari hii kwa hesabu. Mara kwa mara ananiuliza isale lake ni lipi. Simwambii. Nalijua, kwa kuwa nililipanda miguuni kwa mama.

Juzi alikuwa anakula, mdomo umejaa kama kawaida yake, akasema, "Lakini mama Violet, fikiria. Ungefika kwa wakati, Fabian angewanywesha wale wazee, na baada ya mwaka wangegeuka. Mpaka wa wazee unaweza kubishaniwa, wa msamaha haugusiki. Kwa hiyo kile kipande umepewa na kompresheni yangu."

Nilimsamehe kwa mila na sitangui, ila kinyaa ni changu, isale halikukiomba. Na kinachonichafua tumbo kuliko vyote, kuliko sufuria, kuliko yale mate juu ya chuma, ni kwamba anasema kweli. Nikamwongezea ndizi, nikatoka nje kuwafukuza kuku garini.